Maji Atie Mnywaji Mwenyewe

KUNA vinywaji ambavyo mtu hunywa ili akate kiu, na kuna vingine ambavyo hunywa ili ajue vilikotoka. Wiski ya moshi ya kisiwa cha Islay, inapotiwa chupani kwa nguvu ile ile iliyotoka nayo pipani, ni ya namna hii ya pili. Tunaiandikia leo kwa sababu haieleweki hata na wengi wanaoilipia fedha nyingi, na kwa sababu kisiwa kinachoitoa kina habari ambayo watu wa visiwani, pamoja na maofisa wanaovisimamia visiwa, wangefaidika kuisikia.

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja tusije tukaeleweka vibaya. Wasomaji wetu wengi ni Waislamu, na kwao kileo ni haramu. Gazeti hili halikusudii kumshawishi hata mmoja wao. Kwenye meza yetu ya uhariri pia, chupa tunayoizungumzia ilipofunguliwa, wapo wenzetu ambao hawakuigusa. Walikaa nasi, wakanusa harufu iliyojaa chumbani, wakatoa maoni yao. Na mmoja wao, kama tutakavyoeleza, ndiye aliyesema neno la maana kutushinda sisi tulioonja.

Islay iko magharibi ya Uskoti. Jina lake huandikwa hivyo, lakini wenyewe hulitamka "Aila". Ni kisiwa kidogo kuliko Pemba, na wakazi wake ni kiasi cha watu 3,000 tu. Miti ni michache, upepo ni mwingi, na sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na nyasi, vichaka na mimea ya majimaji iliyolala humo maelfu ya miaka bila ya kuoza sawasawa. Piti hukatwa vipande mfano wa matofali, huanikwa, kisha huchomwa kama kuni. Watu wa Islay hawakuanza kuichoma ili wawafurahishe wanywaji wa Paris na Tokyo. Kuni walikuwa hawana. Shayiri iliyooteshwa ikawa kimea haina budi kukaushwa, nao waliikausha kwa moto waliokuwa nao. Moshi wa moto ule uliingia katika punje, ukapita katika hamira, katika shaba na katika pipa, na haujatoka mpaka leo.

Kazi yenyewe si ya siri. Kimea kilichokaushwa husagwa na kutiwa maji ya moto. Maji yale matamu yakichujwa hutiwa hamira, yakawa pombe nyepesi. Kisha pombe ile hukenekwa mara mbili katika mitungi mikubwa ya shaba, yaani huchemshwa, mvuke wake hupozwa na matone yake hukusanywa. Mtu wa Wawi, Pemba, ambako makonyo ya karafuu yamekenekwa kwa miaka mingi ili kupata mafuta, hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Kinachopatikana ni maji maangavu na makali, ambayo kwa kawaida huingizwa katika mapipa ya mwaloni yakiwa na alkoholi ya asilimia 63.5 au karibu yake. Sheria ya Uingereza inataka yalale humo, katika ardhi ya Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kustahili jina la wiski ya Uskoti. Mengi hulala miaka 10 au zaidi. Mapipa mengi hutoka Marekani, ambako wiski yao ya bourbon lazima ikomae katika pipa jipya lililounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja hutafutiwa mnunuzi. Kila mwaka kiasi cha asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani. Waskoti husema hiyo ni haki ya malaika. Ni mzaha wao, tunauacha huko huko kwao.

Siku ya kulifungua pipa, mwenye mali ana njia mbili. Anaweza kuizimua wiski kwa maji mpaka ishuke asilimia 40, ambacho ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Akaipoza na kuichuja ili isije ikatia ukungu mbele ya mteja. Na akipenda akaitia rangi ya sukari iliyounguzwa, maana sheria haimzuii. Au anaweza kuitia chupani kama ilivyo. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa ya nguvu ya pipa. Laphroaig ya miaka 10 ya namna hiyo, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa ikitolewa kwa matoleo yenye namba, haina nguvu moja: toleo moja huwa na asilimia 55 na kitu, jingine hukaribia 60, kwa kadiri mapipa yalivyotaka. Ndiyo iliyokuwa mezani petu.

Kosa la kwanza la mgeni ni kutumbukiza pua bilaurini kana kwamba ananusa asumini. Spiriti ya nguvu hiyo humchoma, naye akasema papo hapo kuwa kinywaji ni kibaya. Sisi tulifanya kosa hilo, na mmoja wetu alitokwa na machozi. Bilauri yafaa ishikwe chini kidogo ya kidevu, midomo ikiachama, harufu ipande yenyewe. Vitabu vya Waingereza vinasema harufu hiyo ni ya hospitali: bandeji, dawa ya kidonda, aidini. Hatuwabishii. Lakini mtu huonja kwa kumbukumbu zake, na kumbukumbu zetu si za hospitali za Glasgow. Kilichotujia sisi kwanza ni moshi wa makumbi ya nazi yanayofuka bila ya kuwaka. Ukafuata mwani, tena si mwani mbichi bali ule ulioanikwa Paje ukapigwa jua siku mbili. Baada yake ikaja harufu ya jahazi lililopandishwa pwani, likakalafatiwa na kupakwa sifa, na nyuma ya jahazi papa mkavu. Chini kabisa ya yote hayo, kama mtoto aliyejificha nyuma ya watu wazima, mlikuwa na utamu wa nafaka na vanila.

Kinywani wiski hii haitaki zaidi ya kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Huwaka kwanza ulimini, kisha utamu hutangulia, moshi hufuata, na chumvi huja mwisho. Au ndivyo ulimi unavyodhani, maana chumvi yenyewe haimo. Jambo lililotushangaza ni muda. Baada ya kumeza tulihesabu dakika kadhaa ambazo ladha ilikuwa ikibadilika bado, mara majivu, mara limau, mara ngozi ya kiatu. Kinywaji cha bei rahisi huisha pale kinapopita kooni.

Hapo ndipo mzee wetu mmoja wa Pemba, ambaye hakupata kuonja kileo maishani mwake, alipoinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake akasema, "Humu mna karafuu." Tulicheka. Tulidhani mtu wa Pemba huisikia karafuu kila mahali. Lakini mzee hakukosea. Mwaloni, hasa ukipashwa moto, hutoa yujenoli, na yujenoli ndiyo iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Gwayakoli nayo, ambayo ni moja ya vitu vinavyoupa moshi harufu yake, ni ya ukoo wa karibu sana na hiyo yujenoli. Kwa hiyo aliyezaliwa kati ya mikarafuu ana pua iliyofundishwa nusu ya somo hili tangu utotoni, na vitabu vya kigeni vya uonjaji vingepata faida kama vingeandikwa na watu wa namna yake.

Sasa tufike kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaoamini kuwa mwanamume wa kweli hunywa nguvu ya pipa bila ya kuizimua. Huo ni ushamba. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walieleza kwa hesabu za kompyuta jambo ambalo wazee wa Islay walilijua kwa pua. Alkoholi ikizidi asilimia 59, gwayakoli huzungukwa nayo ikazamishwa ndani ya kinywaji. Ikishuka mpaka kama asilimia 45, gwayakoli hukaa juu, karibu na hewa, na hewa huichukua ikaifikisha puani. Anayetia maji kidogo, kwa hiyo, haufukuzi moshi, anaufungulia mlango. Tulitia matone machache, tukangoja, tukaongeza kijiko. Wiski ilitia ukungu mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, dalili kwamba yale mafuta ambayo kiwanda kingeyachuja yalikuwa yamo bado. Na moshi ule, uliokuwa mkali na umejikunja, ulijifungua chumba kizima. Hapo ndipo mzee wetu alipoomba dirisha lifunguliwe.

Maji basi yana haki yake. Swali ni nani ayatie, na kiasi gani. Akiyatia mfanyabiashara kiwandani, ameyatia kwa faida yake: pipa moja limezaa chupa nyingi zaidi, na mnywaji amenunua maji kwa bei ya wiski. Tena hawezi kuyatoa. Akiyatia mnywaji mwenyewe, anasimama mahali anapotaka, leo asilimia 50, kesho 45, na anaisikia safari yote iliyo katikati. Barafu hatuisifu, kwa sababu huifunga harufu. Soda hatutaizungumza hata kidogo katika safu hii.

Tuwaonye pia wanaojua kunywa lakini hawajui kuhesabu. Kipimo cha mililita 25 cha nguvu ya asilimia 58 kina alkoholi tupu inayokaribia mililita 15, karibu mara moja na nusu ya kipimo kama hicho cha wiski ya asilimia 40. Anayekinywa kwa mwendo wa bia anajiumiza, na nyumba yake inaumia naye. Bilauri moja kwa jioni nzima ilitutosha, na chupa ilirudishwa kabatini.

Kuna pia mashindano ya namba ambayo hatuyapendi. Moshi hupimwa kwa fenoli, sehemu ngapi kwa kila milioni. Kimea cha Bowmore huwa na kama 25, cha Laphroaig 40 hadi 45, cha Ardbeg kama 55. Mwaka 2017 Bruichladdich walitoa Octomore ambayo kimea chake kilipimwa 309.1, na wapo walioinunua kwa ajili ya namba hiyo tu. Lakini namba hizo ni za kimea kabla ya kusagwa. Fenoli nyingi hubaki katika makapi, au hukatwa wakati wa kukeneka, au hupungua katika miaka ya pipani. Bilauri haina kipimo hicho, na mwenye ulimi hakihitaji.

Tumesema kisiwa hiki kina habari ya kuwafaa wengine. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya wiski ya Islay haikuuzwa kwa jina lake. Ilipelekwa bara ikachanganywa na wiski nyingine nyepesi, ikatumika kama pilipili inavyotumika katika mchuzi, na mnywaji wa Amerika au Afrika hakujua kuwa amekunywa Islay. Mapema katika miaka ya 1980 mahitaji ya wiski ya mchanganyiko yalipopungua, kilichokatwa kwanza ni pilipili. Ardbeg ilisimamishwa mwaka 1981. Port Ellen ilifungwa mwaka 1983. Bruichladdich ilifuata mwaka 1994. Waliotoa amri hawakuwa wakazi wa kisiwa, na katika kijiji chenye kiwanda kimoja, amri kama hiyo hugusa duka, shule na chombo cha baharini kwa wakati mmoja.

Kilichoviokoa viwanda hivyo hakikuwa huruma. Wanywaji walianza kutaka wiski isiyochanganywa, yenye jina la kiwanda, umri wake, na baadaye nguvu yake ya pipani. Ladha iliyokuwa kali mno kwa mchanganyiko ikawa ndiyo inayotafutwa. Ardbeg ilinunuliwa mwaka 1997 ikafufuka. Bruichladdich ilianza tena mwaka 2001. Kilchoman, kiwanda kipya cha familia moja penye shamba la shayiri, kilianza mwaka 2005. Port Ellen yenyewe ilifunguliwa tena mwaka 2024, baada ya miaka zaidi ya 40. Na tangu Novemba 2012 sheria inakataza wiski ya kimea kitupu ya kiwanda kimoja kupelekwa nje ya Uskoti ndani ya mapipa. Lazima itiwe chupani huko huko, na kazi hiyo ibaki kwa Waskoti.

Isidhaniwe kwamba sasa mambo ni shwari. Viwanda vingi vya Islay ni mali ya makampuni ya London, Ufaransa, Japani na kwingineko. Ushuru wa spiriti huamuliwa London, nao hutozwa kwa kila lita ya alkoholi tupu. Kwa kiwango kilichoanza Februari 1, 2025, yaani pauni 32.79, chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 40 ililipa pauni 9.18, na ile ya asilimia 58 ikalipa pauni 13.31, kabla ya kuongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 20. Hatusemi ushuru si halali. Pombe ina gharama zake kwa jamii, na Serikali haina budi kuzilipia. Tunasema ofisa anayekusanya fedha hizo angepaswa kusafiri barabara inayotoka Port Ellen kwenda Bowmore. Imejengwa juu ya piti, inabonyea kama godoro, na malori ya shayiri na ya mapipa huipita kila siku. Meli mbili mpya za Islay ziliagizwa mwaka 2022, na miaka ikapita watu wakizingojea. Kisiwa kinachotoa bidhaa inayojulikana dunia nzima hakikustahili kuomba chombo cha kuvukia kama anayeomba sadaka.

Na piti nayo si ya milele. Hukua kiasi cha milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo anayekata mita 1 amekata miaka 1,000. Tena piti iliyolala huhifadhi hewa ya ukaa ambayo ikichomwa hurudi angani. Wapenda moshi, nasi tukiwamo, hatuna budi kukubali kwamba viwanda vitatakiwa kupata moshi mwingi kwa piti chache. Kwa maoni yetu heri chupa chache za nguvu ya pipa kuliko bahari ya wiski iliyozimuliwa inayonukia moshi kwa mbali.

Wakubwa wa visiwani kwetu wanaweza kuuliza haya yawahusu nini. Tuwakumbushe miaka. Kabla ya Port Ellen kufungwa, karafuu ya Unguja na Pemba ilikuwa inakwenda kwa wingi Indonesia, ikachanganywa na tumbaku katika sigara za kretek na kuishia moshi, bila ya mvutaji kujua jina la kisiwa kilichoizaa. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu yake, bei ilianguka, na mkulima wa Pemba akaachwa na mikarafuu na madeni. Nasi tulikuwa pilipili katika mchuzi wa watu. Habari ya kuipa karafuu ya Zanzibar chapa yake imezungumzwa miaka mingi, katika semina na katika hotuba. Chupa ile iliyokuwa mezani petu ilikuwa na jina la kiwanda, jina la kisiwa, umri, namba ya toleo na nguvu yake, hata desimali moja. Gunia la karafuu bora kabisa lililochumwa na kuanikwa kwa mikono ya watu wa Wete halituambii kwamba limetoka Wete.

Hatuombi jambo kubwa. Tunaomba Wizara inayohusika na biashara na Shirika linalonunua karafuu wakae na wakulima kabla ya msimu, wakubaliane jinsi ya kuitenga karafuu ya daraja la kwanza kwa wilaya iliyotoka na mwaka iliochumwa, hata kama kwa kuanzia ni tani chache tu, na iuzwe ikiwa imefungwa hapa hapa visiwani. Magunia na pakiti za msimu ujao bado hazijapigwa chapa. Nafasi ya kuandika Wete, Mkoani au Micheweni, na mwaka chini yake, ipo.